MAONI YETU: NYASI ZISICHOMWE, JUA LA KASKAZI LINAKUJA



Vuli inaelekea ukingoni na upepo umeanza kugeuka. Wavuvi wana hesabu zao juu ya kaskazi, tunawaachia wenyewe. Kwa sisi watu wa bustani, kaskazi maana yake ni jua. Kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu mchanga wetu huu utawaka, saa saba mchana mtoto hawezi kuukanyaga bila ndara. Sasa mche wa bilinganya wenye majani manne utafanyaje? Wenyewe hauna ndara.

Tunaandika kwa sababu moshi umeshaanza kuonekana upande wa mashamba ya bondeni. Watu wanafyeka, wanakusanya, wanatia kiberiti. Ukiwauliza wanakujibu kwamba wanasafisha shamba. Maoni yetu ni kwamba nyasi zile ndizo mwavuli wa miche ya kijiji hiki, na anayezichoma sasa anachoma mali ambayo mwezi wa pili tutaitafuta na hatutaipata.

Wako wenzetu nchini humu ambao adui wa bustani zao ni baridi. Kule Makete na Njombe, mwezi wa sita hadi wa nane, kuna usiku ambapo anga ni jeupe, hakuna wingu, joto lote la ardhi linapaa, na umande unaganda juu ya majani ukawa mweupe kama chumvi. Wanaita sakitu. Asubuhi viazi na maharage vimekuwa vyeusi kama vilivyomwagiwa maji ya moto. Mkulima wa huko mwenye kitalu hukifunika kwa nyasi jioni, akakifunua jua likitoka. Sisi huku Bagamoyo sakitu hatuijui wala hatutaijua, lakini dawa ni ile ile, ila saa zimepinduliwa: yeye anafunika usiku, sisi tunafunika mchana. Nyasi ni zile zile.

Hebu tuangalie nyasi zinafanya kazi gani. Mchanga ulio wazi hupata moto kuliko hewa yenyewe. Mche huungua shingoni, pale unapotokea ardhini, ukaanguka, na mtu anasema ni mdudu. Halafu maji. Unamwagilia saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchanga umekuwa mkavu. Ukitandaza nyasi unene wa kiganja, ukaacha nafasi kidogo kuzunguka shina lisije likaoza, ardhi chini inabaki na ubaridi na unyevu mpaka kesho yake.

Na hapa ndipo penye jambo lenyewe, jamani. Maji ya bustani yetu hayaji kwa bomba. Yanakuja kichwani. Nani anayabeba? Mama zetu, dada zetu, na watoto wa kike wakitoka shule. Kipindi cha kaskazi wanakwenda kisimani asubuhi na jioni, na kisima kikishuka foleni inakuwa ndefu na maji yenyewe yanaanza kuwa na munyu. Kila mzigo wa nyasi unaochomwa ni ndoo zinazoongezwa juu ya kichwa cha mtu fulani, na mara nyingi huyo mtu siye aliyetia kiberiti. Tena maji ya munyu yakikauka juani yanaacha chumvi juu ya udongo, kwa hiyo anayemwagilia mara nyingi kwenye mchanga mtupu anazidi kuutia chumvi. Bustani iliyofunikwa inahitaji maji machache, na chumvi inakuwa chache.

Kuhusu kitalu: kichanja cha makuti kijengwe kimo cha kiuno, makuti yapangwe kwa kuachana ili mwanga upite madoadoa. Wengine hufunika kama wanaezeka nyumba. Hapo miche inarefuka na kulegea kama uzi, na unyevu ukizidi kinyausi kinaingia, unaamka asubuhi miche imelala safu nzima. Siku kumi kabla ya kuhamisha, punguza makuti kidogo kidogo mpaka mche uzoee jua. Uhamishaji ni jioni, siyo saa nne asubuhi kwa sababu eti ndipo watu walipokusanyika.

Nyanya tuiseme peke yake. Kila mwaka yuko mtu anayetaka nyanya yake itoe maua mwezi wa pili kwa sababu bei sokoni ni nzuri. Bei ni nzuri kwa kuwa nyanya hakuna, na nyanya hakuna kwa sababu ya hilo joto! Mchana ukipita nyuzi 32 na usiku nao usipopoa, ua la nyanya linapukutika bila kushika tunda, na hata ukiiwekea mbolea ya gunia zima haisaidii. Nyanya isiwe kitaluni sasa. Ingoje masika, ikingwe na mvua kubwa kwa kichanja hicho hicho, ihamishwe mvua zikipungua, maua yakutane na kipupwe. Kwa sasa tupande vinavyovumilia: bamia, mchicha, kunde, bilinganya, matembele.

Miti ya matunda tuliyopanda vuli hii, michungwa na miembe, hiyo ndiyo kaskazi yake ya kwanza. Kuti moja lisimikwe upande wa magharibi, maana jua la alasiri ndilo linaloua, na nyasi zitandazwe chini. Wenye mananasi, kama wenzetu wa Kiwangwa, wanajua kwamba nanasi likiinama ubavu mmoja huungua, na ndani nyama inakuwa kama imechemshwa. Konzi moja ya nyasi kavu juu yake, au majani yake yenyewe yakafungwa juu, basi linapona.

Tumesikia na upande wa pili. Wanasema nyasi zinaleta mchwa. Ni kweli, mchwa wanakuja, hasa nyasi zikikaa kavu muda mrefu bila kuguswa. Lakini mchwa unawaona. Zigeuze kila wiki, zikishambuliwa ondoa, weka pumba za mpunga au majani ya mgomba. Wanasema zinaficha nyoka. Nyoka hakai kwenye tuta unalopita kila siku na ndoo. Anakaa kwenye pori usilofyeka. Na wako wanaosema babu zetu hawakufunika kitu. Babu zetu walilima chini ya minazi na miembe, kivuli kilikuwa juu ya vichwa vyao. Minazi mingi tumeiona ikizeeka na kufa, mingine imekatwa viwanja vikauzwa. Kivuli kimeondoka, jua limebaki.

Jambo moja la tahadhari. Nguzo za vichanja zisitoke kwenye mikoko. Mikoko ni hifadhi ya serikali, na tena ndiyo inayozuia bahari isile pwani yetu. Walioshiriki vikundi vya redio vya Misitu ni Mali mwaka 1980 hawahitaji kuambiwa mara mbili. Matawi ya mikorosho yanayopogolewa yanatosha, na mivinje ipo.

Tunapendekeza basi mkutano mkuu uamue hivi: asiwepo mtu wa kuchoma nyasi ndani ya mashamba ya kijiji mpaka bustani ya ushirika na bustani za kaya zote ziwe zimetandazwa. Mwenye nyasi asizozitaka aziache pembeni ya shamba lake, vijana watakwenda kuzichukua. Hatutaki adhabu iwe jambo la kwanza. Lakini akichoma mtu baada ya kuambiwa, alipe kwa kubeba maji ya bustani wiki moja, yeye mwenyewe, asimtume mke wala mtoto.

Jumamosi hii saa moja asubuhi tukutane kitaluni. Kila kaya ilete makuti mawili na mzigo mmoja wa nyasi zisizo na mbegu. Wazee wasioweza kubeba waje wakae watuelekeze kusuka makumba, maana vijana wengi hawajui tena. Panga mje nazo wenyewe, za ushirika ni tatu tu na moja haina mpini.