Nobel Alipewa, Tetu Akanyimwa

Wasee, kila Septemba tunaposti picha ya Profesa Wangari Maathai. Miti, moyo wa kijani, "mama yetu". Poa. Sasa wacha niwaharibie posti kidogo: huyo mama unayemsifu aliangushwa kwa kura. Na si mara moja.

Naileta hii kwa sababu nimechoka na komenti moja. Kijana akitangaza anataka ubunge 2027, lazima mtu aandike, "Hawezi shinda huyo, msipoteze kura." Na kama alishasimama akaanguka, "Wananchi walishaongea." Waliongea nini? Hebu tuangalie rekodi ya Profesa, kisha mniambie.

1982. Kuna kiti cha ubunge kiko wazi Nyeri. Wangari ako na PhD, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kuipata, na anafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Anaacha kazi ili agombee. Kisha anaambiwa hafai kusimama kwa sababu 1979 hakujiandikisha upya kama mpiga kura. Kwisha. Mwananchi hakupata hata nafasi ya kumkataa. Anarudi chuo kuomba kazi yake, wanamkatalia, na nyumba ya chuo pia anatolewa.

1997. Anarudi, na safari hii anataka urais na ubunge wa Tetu, maana sheria ya wakati huo ilimtaka mgombea urais asimame pia kwa eneo bunge. Anatumia Liberal Party, chama kidogo. Siku chache kabla ya kura, uvumi unaenea kwamba amejiondoa. Hakuna WhatsApp, hakuna laivu ya kusema "niko hapa". Anaanguka kote kuwili. Na huyu ndiye aliyezuia lile jengo la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park, pale unapopigia picha za Jumapili.

2002. Tetu ni ile ile, mama ni yule yule. Tofauti? Ako na tiketi ya Narc. Anapata asilimia 98 ya kura.

Simama hapo kidogo. Kutoka kuangushwa hadi asilimia 98 kwa miaka mitano, na hajabadilisha tabia, dini wala miti. Ukiniambia Wakenya walikaa chini wakasoma manifesto upya, nitacheka.

2004 anapewa Nobel. 2007 anaenda kwa mchujo wa PNU, chama cha Kibaki, na anapigwa chini. Enzi hizo katiba haikuruhusu mgombea huru, kwa hivyo anatafuta chama kidogo na kuingia Desemba akiwa nacho. Anaanguka tena. Miaka mitatu tu baada ya dunia nzima kumsimamia.

Najua kuna mtu atasema mbunge hapewi kura kwa sababu ya medali, mwananchi anataka barabara, maji na basari. Kweli kabisa. Mpiga kura wa Tetu alikuwa na haki ya kumtoa hata angekuwa na Nobel kumi. Shida yangu ni mahali alipotolewa. Kufikia Desemba, tiketi kubwa ilikuwa imeshapewa mtu mwingine kwenye mchujo. Na mahali ambapo chama kimoja kinatawala, mchujo ndio uchaguzi wenyewe. Ile siku ya Agosti tunapanga laini saa kumi na moja asubuhi, tunapaka kidole wino na kupiga selfi, mara nyingi tunagonga tu muhuri.

Sasa jiulize nani huenda kwa mchujo. Wale waliobebwa na lori. Wewe hujui hata ni lini.

Starehe 2017 ilikuwa hivyo hivyo. Boniface Mwangi alijulikana na kila mtu mwenye bando. Alisimama na Ukweli Party. Kiti kikaenda kwa Jaguar, aliyekuwa na tiketi ya Jubilee. Foloa wako anaweza kuwa Doha ama Kisumu, lakini sanduku la kura la Pangani halimjui.

Mimi niliacha kampasi, na kila shangazi huniambia rudi usome ndio watu wakuskize. Profesa alisoma kutuliza sote na bado mchujo ulimlambisha sakafu. Kwa hivyo tuache kumwambia kila kijana mwenye akili "jenga jina kwanza". Jina alikuwa nalo mpaka Oslo.

Kitu kimoja kimebadilika, na tunakichezea. Katiba ya 2010 inaruhusu mgombea huru. Anahitaji kuungwa mkono na wapiga kura 1,000 waliosajiliwa katika eneo bunge lake, na asiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Elfu moja! Kuna meme ya paka inapata hiyo kabla ya chai. Lakini soma tena: waliosajiliwa. Rejista iliyomfungia Profesa nje 1982 ndiyo inakufungia wewe leo, na wewe hakuna aliyekuonea. Ni uvivu tu.

Kwa hivyo kabla uandike "msipoteze kura" kwa posti ya mtu, jibu haya. Umejiandikisha kituo gani? Chama unachoshabikia kilifanya mchujo lini mara ya mwisho, na ulikuwa wapi? Kuna mgombea huru umewahi kumwekea saini?

Komenti ziko wazi. Anza na jina la wadi yako. Kama hulijui, usiandike kitu.