Atiman wa Karema: Somo kwa wasomi wanaokimbia pembezoni

KILA unapozuka mjadala kuhusu wataalamu wanaokwepa kufanya kazi mikoa ya pembezoni, Katavi haikosi kukumbukwa. Hata hivyo, kwa mkazi wa Magamba, Mpanda, mfano wa kinyume chake hauko mbali. Uko Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika, alikotumikia Adrian Atiman kuanzia mwaka 1889 hadi alipofariki mwaka 1956. Ni miaka 67.

Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 katika eneo la Timbuktu, nchi ya Mali ya leo. Akiwa mtoto aliibwa, akauzwa utumwani na kuvushwa Sahara hadi Algeria, ambako Mapadri Weupe walimkomboa kwa fedha. Mwanzilishi wao, Kardinali Charles Lavigerie, aliamini kwamba Waafrika waliosomea tiba wangefaa kuwahudumia Waafrika wenzao. Kijana huyo akapelekwa Malta kusomea udaktari.

Karema aliyoikuta ilikuwa ngome iliyojengwa na Wabelgiji mwaka 1879, kisha ikakabidhiwa kwa mapadri mwaka 1885. Hapo aliwatibu wagonjwa na kufundisha dini, ndiyo maana akajulikana kama daktari katekista. Alioa mwanamke wa huko huko, na mtoto wao Joseph akawa padri. Ni Karema hiyo hiyo ambako mwaka 1907 Askofu Adolphe Lechaptois alianzisha shirika la masista wazalendo, Maria Malkia wa Afrika.

Kanisa halijamtangaza Atiman kuwa mtakatifu. Lakini hoja ya msingi si cheo hicho, bali matumizi ya elimu. Aliyesomeshwa kwa fedha za wengine alijiona mdaiwa, na deni lake akalilipa mahali ambapo wagonjwa hawakuwa na daktari mwingine.

Je, tumlaumu basi kila daktari kijana anayeomba uhamisho? Hapana. Atiman hakuachwa peke yake. Nyuma yake palikuwa na taasisi iliyompa makazi, dawa na heshima. Serikali isiyotoa nyumba, vifaa na mishahara kwa wakati haiwezi kudai moyo wa kujitolea kutoka kwa watumishi wake.

Hata hivyo, msomi aliyesomeshwa kwa kodi ya mkulima wa Magamba naye ana swali la kujibu. Mkulima huyo akiugua, nani atamtibu?