Samaki na Ua Juu ya Mbao

 

Mama mmoja wa Burnt Forest ametuletea swali. Binti yake amefundishwa shuleni kuchonga nusu ya kiazi, kuipaka rangi na kuigandamiza juu ya karatasi. Akachapa samaki na ua kando yake, kwa kuiga picha ya Kijapani. Baba ameamuru karatasi ichomwe, mtoto analia. Mama afanyeje?

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Huko Japani, katika miaka ya 1830, Utagawa Hiroshige alibuni picha za samaki waliowekwa pamoja na matawi na maua. Mchongaji aliuchonga mchoro ubaoni, kila rangi na ubao wake, kisha mchapaji akachapa karatasi moja moja. Hao ni samaki wa kuliwa, si masanamu ya kuabudiwa.

Pili, jambo hili si geni kwetu. Tazameni milango ya kuchonga ya Unguja. Chini ya miimo ya baadhi yake wamechongwa samaki, juu yao hupanda mashina yenye maua, na kwenye kizingiti cha juu huandikwa aya. Wenye nyumba hizo wengi wao walikuwa Waislamu. Na mara nyingi fundi hakumtoa samaki kama alivyo baharini, bali alimpunguza hata akabaki umbo na magamba, pambo zaidi kuliko kiumbe.

Ama hukumu, wanazuoni wamekhitalifiana kuhusu picha bapa ya kiumbe chenye roho, na wengi katika madhehebu yetu ya Shafi wameizuia. Miti na maua hayana tatizo: Ibn Abbas (r.a.), kwa mapokezi ya Bukhari na Muslim, alimwelekeza mchoraji kwenye miti na visivyo na roho.

Basi, ewe mama, mumeo ana hoja, na usimpinge mbele ya mtoto. Mwombe kwa upole faraghani amweleze binti sababu, kwani moto humtisha mtoto wala haumfundishi. Akizuiwa samaki, apewe ua, jani, mawimbi, mnyororo na herufi za Kiarabu. Humo mafundi wetu walipata kazi ya umri mzima. Tukimnyang'anya kisu na rangi bila ya kumpa badala, atadhani dini imeuchukia mkono wake, na hilo ni zito kuliko karatasi.

Wallahu aalam.