Kocha Hatafutwi kwa Hasira

Kuna desturi mbaya imeota mizizi katika michezo yetu, nami naiandikia kwa uchungu. Timu ikifungwa mechi mbili mfululizo, usiku uleule kocha anatafutiwa mrithi. Viongozi hawajairudia mechi kuitazama, hawajamwita mchezaji hata mmoja kumsikiliza, lakini majina matatu ya makocha yameshavuja. Asubuhi ukipita vijiweni hapa Kaengesa, kando ya barabara ya kwenda Tunduma, unakuta vijana wameshamteua mmoja wa hao watatu na sasa wanabishana juu ya mshahara wake. Vijana siwalaumu. Shabiki analipa kiingilio, anaumia, ana haki ya kupiga kelele. Ninaosema nao leo ni wale waliokabidhiwa dhamana ya kuchagua.

Sisi watu wa Rukwa tunao ushahidi wa nyumbani. Tarehe 22 Oktoba 2020, Tanzania Prisons, waliokuwa wakiutumia Uwanja wa Nelson Mandela mjini Sumbawanga, waliwafunga Simba bao 1-0. Baada ya siku chache tu Simba wakafungwa tena na Ruvu Shooting, nako bao 1-0. Mabingwa watetezi, pointi sita zimekwenda na maji! Sote tunakumbuka maneno yaliyomwangukia kocha wao Mbelgiji, Sven Vandenbroeck. Uongozi haukumfukuza. Tarehe 6 Januari 2021 Simba wakaichapa FC Platinum ya Zimbabwe 4-0, wakaingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Kesho yake kocha akaaga mwenyewe, akaenda kufundisha Moroko. Akaja Didier Gomes Da Rosa, akakuta timu iliyokwisha kufundwa, na mwezi Februari Al Ahly wakafungwa jijini Dar es Salaam.

Hapo kuna mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, kama kelele za Oktoba zingesikilizwa, huenda furaha ya Januari isingekuwapo. Pili, kocha anaweza kuondoka wakati wowote, hata siku moja baada ya ushindi, kwa hiyo klabu inayosubiri kiti kiwe wazi ndipo ianze kufikiri imeshachelewa.

Mwaka huohuo wa 2021 ukatupa somo jingine. Mwezi Septemba Yanga walitolewa na Rivers United ya Nigeria katika Ligi ya Mabingwa, wakifungwa 1-0 nyumbani na 1-0 ugenini. Mwezi Oktoba Simba nao wakatolewa na Jwaneng Galaxy ya Botswana, baada ya kufungwa 3-1 hapahapa nchini. Yanga wakambakiza Nasreddine Nabi. Simba wakaachana na Gomes, ambaye miezi michache tu nyuma alikuwa amewapa ubingwa wa ligi. Nabi akamaliza msimu ule wa ligi bila kupoteza mechi, akachukua na ubingwa uliofuata, na mwaka 2023 akaifikisha Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kwa upande wa Simba walipita Pablo Franco, Zoran Maki, Robertinho na Abdelhak Benchikha, wote wamekuja na kuondoka kabla ya katikati ya mwaka 2024. Sisemi Nabi alikuwa bora kuliko hao wote. Nasema alipewa nafasi ya kuonekana kama ni bora, na wenzake hawakupewa.

Naona msomaji ananiuliza mbona nataja mpira wa miguu wakati gumzo la leo ni mpira wa kikapu. Ni kwa sababu kikapu chetu ndiyo kwanza kinaingia katika biashara ya kulipana mishahara, na bado kina nafasi ya kutorithi maradhi haya. Dar City imepata tiketi ya kucheza Ligi ya Kikapu ya Afrika, BAL, msimu wa 2026. Ni jambo kubwa kwa nchi ambayo kwa miaka mingi jina lake katika mchezo huu lilibebwa na mtu mmoja, Hasheem Thabeet, aliyechaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies mwaka 2009. Penye fedha na televisheni presha haikosekani, na presha ikija, wa kwanza kutazamwa ni kocha mkuu.

Tena katika kikapu mkono wa kocha unaingia ndani ya mchezo kuliko katika soka. Kocha wa soka akishamaliza idadi ya wachezaji wa kubadilisha, anabaki kusimama na kupunga mikono. Kocha wa kikapu ana wachezaji 12, anaruhusiwa kuwatoa na kuwarudisha kadiri apendavyo, na katika kipindi cha pili ana haki ya kusimamisha mchezo mara tatu, dakika moja kila mara. Tazameni siku moja dakika hiyo moja. Wachezaji watano wameketi, jasho linawatiririka, wengine wamewasimamia. Kocha amepiga goti mbele yao na kibao kidogo mkononi, anachora kwa kalamu nani apite wapi na mpira umfikie nani. Mmoja wao ana makosa manne, likiongezeka moja anatoka. Timu iko nyuma kwa pointi mbili. Kocha mwingine dakika hiyo huimaliza kwa kufoka, kengele inalia, wachezaji wanarudi uwanjani hawajui la kufanya. Mwingine husema sentensi mbili, akamtazama mchezaji mmoja machoni, na vijana wanainuka kila mmoja akijua kazi yake.

Basi nawaasa viongozi: mnapomtafuta kocha, msiombe picha za mechi alizoshinda. Hizo atawaletea mwenyewe bila kuombwa. Ombeni mechi alizofungwa, mkae mtazame anafanya nini na dakika zake. Kisha watafuteni wachezaji waliokaa benchi chini yake, wale ambao hawakupangwa mara kwa mara. Nyota atamsifu kocha aliyempa mpira. Aliyekaa benchi msimu mzima, akaja kukwambia kwamba pamoja na hayo alijifunza kitu, huyo amekupa habari ya kuaminika.

Na kabla ya hayo yote, iandikeni kazi yenyewe. Mnataka kombe mwaka huu, au mnataka timu ya vijana itakayokomaa baada ya miaka mitatu? Mkulima wa huku Ufipa anajua kwamba mbegu iliyozaa sana kule bondeni kwenye joto la Ziwa Rukwa, ukiipandisha huku uwandani kwenye baridi ya Juni inaweza kukuaibisha, na kosa si la mbegu. Kocha aliyezoea kununua wachezaji waliokomaa hawezi kulaumiwa akishindwa kulea watoto wa shule, ikiwa aliyemwajiri hakumwambia kwamba kazi ni kulea.

Jirani zetu Wakenya wametuonyesha jinsi mtu anavyoweza kulingana na kazi. Timu yao ya taifa ya wanaume ilikuwa haijacheza fainali za Afrika, AfroBasket, tangu 1993. Mapema mwaka 2021 wakamkabidhi Liz Mills, mwanamke kutoka Australia. Wapo walioona ni ajabu, mwanamke kuwafundisha wanaume. Lakini Mills alikuwa amefundisha klabu za wanaume Lusaka kwa miaka, katika nchi hiyohiyo ya Zambia tunayopakana nayo pale Kasesya, na amekaa katika mabenchi ya timu za taifa za Zambia na Kamerun. Alikuwa anawafahamu wachezaji wa Afrika, safari zao, na kambi zao za siku chache zisizo na kila kitu. Februari 2021 mjini Yaoundé, Kenya wakawafunga Angola, wakati huo mabingwa mara 11 wa Afrika, kwa pointi 74-73, Tylor Ongwae akitupia kikapu cha ushindi mwishoni kabisa. Kenya ikafuzu. Mwaka uliofuata Mills alikuwa na AS Salé ya Moroko, mwanamke wa kwanza kuwa kocha mkuu katika BAL.

Sudan Kusini nao walitazama kazi kwanza. Luol Deng, aliyecheza miaka mingi Chicago Bulls, alipochukua uongozi wa shirikisho lao, alijua wachezaji wake wametawanyika duniani na hukutana kwa wiki chache tu. Akamleta Royal Ivey, kocha msaidizi katika ligi ya Marekani, mtu aliyezoea kuandaa mechi kwa haraka na asiyehitaji kuwafundisha watu wazima jinsi ya kudunda mpira. Mwaka 2023 wakaifunga Angola 101-78 kwenye Kombe la Dunia na kujipatia tiketi ya Olimpiki. Mwaka 2024 mjini Paris wakaifunga Puerto Rico 90-79. Taifa lililopata uhuru mwaka 2011! Lakini angalieni, kazi ya Ivey haikuwa kazi ya klabu yenye ligi ya miezi mingi, na klabu ya Dar es Salaam ikitaka kumwiga Deng lazima iige namna alivyofikiri, si aina ya mtu aliyemchukua.

Linabaki swali la mzawa na mgeni, ambalo hutugawa kila mara. Hemed Suleiman ‘Morocco’ aliipokea Taifa Stars katikati ya fainali za Afrika, Januari 2024, baada ya Adel Amrouche kufungiwa. Akaifikisha fainali zilizofuata, na Agosti 2025 akaipeleka robo fainali ya CHAN. Kisha, fainali hizo za Afrika zikiwa zimebaki wiki chache tu, akaondolewa na nafasi akapewa Miguel Gamondi kwa muda. Stars wakavuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia yao. Anayenipinga atasema: unaona, mabadiliko ya ghafla yamelipa. Nakubali matokeo ni mazuri, nami nilifurahi kama Mtanzania yeyote. Lakini Gamondi alikuwa amefundisha Yanga na Singida Black Stars, anaijua ligi yetu na wachezaji wetu kwa majina. Na tiketi ya kwenda huko ilikatwa na Hemed. Mzawa hapaswi kuwa mtu wa kuitwa nyumba inapoungua na kuagwa moto ukishazimika. Kila klabu ya kikapu inayoleta kocha kutoka nje iandike katika mkataba kwamba msaidizi wake atakuwa Mtanzania, atapewa mazoezi ya kuendesha na mechi za kusimamia, na ijulikane tangu siku ya kwanza kwamba yeye ndiye anayeandaliwa.

Nimalizie na jambo la huku kwetu, kwa kuwa uchaguzi wa kocha hauanzii Dar es Salaam. Shule zinapojiandaa kwa UMISSETA, mara nyingi timu ya kikapu hupewa mwalimu kijana kuliko wote kwa sababu tu ana miguu ya kukimbia, na mwakani hupewa mwingine. Wakuu wa shule na maofisa michezo wa mkoa wetu, mtafuteni mwalimu anayeupenda mchezo huu, awe Mfipa au mgeni, awe mwanamume au mwanamke, mpelekeni kozi, kisha muacheni na timu hiyo miaka minne, tangu watoto waingie kidato cha kwanza mpaka wamalize cha nne. Akifungwa mwaka wa kwanza, muulizeni anahitaji mipira mingapi.