Msamaha wa rais si wa jamaa na wafuasi

Januari 20, 2025, marais wawili wa Marekani walitoa misamaha mikubwa katika siku moja. Asubuhi, dakika chache kabla ya kukabidhi madaraka, Joe Biden aliwasamehe wadogo zake watatu, ingawa hakuna hata mmoja aliyekuwa ameshtakiwa. Mwanawe, Hunter, alikuwa ameshamsamehe mwezi mmoja na nusu kabla, baada ya kuahidi mbele ya taifa kwamba hatafanya hivyo. Jioni ikawa zamu ya Donald Trump. Aliwasamehe watu wapatao 1,500 walioshtakiwa kwa uvamizi wa jengo la Capitol wa Januari 6, 2021, na wengine 14 akawapunguzia adhabu. Polisi wapatao 140 walijeruhiwa siku ile.

Marais wote wawili walikosea.

Katiba ya Marekani inamruhusu rais kusamehe kosa lolote la kisheria dhidi ya serikali kuu. Akishatia saini, Bunge haliwezi kutengua. Waasisi walikuwa na sababu nzuri. Alexander Hamilton alieleza mwaka 1788 kwamba msamaha unaotolewa kwa wakati unaweza kutuliza uasi na kurudisha amani. George Washington aliutumia hivyo mwaka 1795, na Jimmy Carter mwaka 1977, alipowasamehe vijana waliokwepa kupelekwa vitani Vietnam. Waliosamehewa hawakuwa ndugu wa rais wala wapiga debe wake.

Lakini George Mason wa Virginia alikwisha kuonya tangu wakati huo kwamba ipo siku rais atasamehe makosa aliyoyachochea mwenyewe. Hakusikilizwa.

Leo kila chama kinaona ubaya wa mwenzake tu. Warepublican waliopiga kelele kuhusu Hunter walinyamaza, wengi wao, waliowapiga polisi walipofunguliwa milango ya gereza. Wademocrat wanaolia na Trump wengi waliona Biden ana haki ya kumwonea huruma mwanawe. Mkuki kwa nguruwe.

Dawa ni kurekebisha Katiba. Rais apigwe marufuku kujisamehe, kusamehe jamaa zake, na kusamehe waliovunja sheria kwa faida yake. Kizuizi cha namna hii si kigeni duniani: Katiba ya Kenya ya 2010 inamtaka Rais asamehe kwa kufuata ushauri wa kamati maalumu.

Kazi hiyo ni ngumu. Inahitaji theluthi mbili ya kura katika Seneti na katika Baraza la Wawakilishi, kisha kuridhiwa na majimbo 38 kati ya 50. Hakuna chama kinachoweza kuimaliza peke yake. Ndiyo maana wabunge wa pande zote waianze sasa, kabla ya uchaguzi wa 2028, wakati hakuna anayejua rais ajaye atatoka upande gani.