Usia katika siku za vita: karatasi ambayo haingoji ofisi

Tangu Goma ilipochukuliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, makanisa yetu ya Kivu yamezika watu wengi. Baada ya kilio kuna swali ambalo halingoji amani: parseli ni ya nani? Mara nyingi wajomba, baba wadogo na mashemeji hulijibu kabla ya siku arobaini, na mjane anajikuta barabarani na watoto. Wengine husema, "Ndiyo desturi yetu." Lakini sheria ya nchi haisemi hivyo.

Sheria ya Jamaa ya 1987, iliyorekebishwa mwaka wa 2016, inaweka watoto mbele: wanapokea robo tatu ya urithi, wasichana sawa na wavulana. Robo inayobaki inagawanywa kwa makundi matatu: mume au mke aliyebaki, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Kila kundi linapata sehemu moja ya kumi na mbili.

Tuchukue mfano. Baba na mama wamechuma pamoja nyumba na vitu vya dola 24 000. Kama siku ya ndoa hawakuchagua mpango mwingine wa mali, nusu, yaani dola 12 000, ni ya mama tangu mwanzo. Hiyo si urithi. Katika 12 000 za baba, watoto wanapata 9 000, mama 1 000, wazazi wa baba 1 000, ndugu zake wote pamoja 1 000. Tena mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi na kutumia vyombo vyake. Shemeji anayebeba funguo anachukua kitu ambacho sheria haikumpa.

Basi kwa nini wajane wanaendelea kufukuzwa? Kwa sababu haki bila karatasi ni vigumu kuitetea. Ndoa iliyobarikiwa kanisani tu, bila kuandikishwa etasivili, inamwacha mwanamke bila uthibitisho kwamba yeye ni mke. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, ambaye baba hakumtambua kisheria wakati wa uhai wake, hahesabiwi kati ya warithi. Na vita imeongeza shida: watu wamekimbia bila vyeti, nyumba zimeporwa, kazi za tribinali na ofisi za serikali zimevurugika.

Hapa ndipo usia, ambao wengi wetu tunauita testama, unaonyesha faida yake. Wengi wanafikiri lazima uende kwa notere na ulipe pesa. Njia hiyo ipo, na ni nzuri kwa asiyejua kuandika. Lakini sheria inakubali pia usia ulioandikwa wote kwa mkono wa mwenye mali, wenye tarehe na sahihi yake. Kalamu na karatasi vinatosha, hata kambini. Usia wa mdomo pia unakubaliwa, mtu anapoona kifo kiko karibu, mbele ya mashahidi. Lakini mambo unayoweza kuamua ni machache, na ugomvi wake ni mwingi.

Usia hauwezi kuwanyang'anya watoto sehemu yao. Unaweza kufanya mambo mengine makubwa: kuorodhesha mali na madeni, kusema karatasi za parseli ziko wapi, na kumtaja mtu wa kusimamia ugawaji. Bila usia, kazi hiyo inaangukia mrithi mwenye umri mkubwa kuliko wengine, hata kama hawezi kusimama mbele ya baba wadogo.

Wengi wanaogopa: "Nikiandika usia, ninaita kifo." Lakini mabinti wa Selofehadi, katika Hesabu 27, walisimama mbele ya Musa kudai fungu la baba yao kwa sababu hakuwa na mwana, na Mungu akasema wana haki. Kuzungumza juu ya urithi si uchawi. Ni kuwatunza wanaobaki.

Makanisa yanaweza kuanza na mambo matatu. Kabla ya kubariki ndoa, waulize cheti cha etasivili, na wanandoa wa zamani wasaidiwe kuandikisha ndoa zao pale ofisi inapofanya kazi. Katika vikundi vya akina mama na akina baba, watu wafundishwe kuandika usia kwa mkono. Na kila usia uwe na nakala kwa mtu mwaminifu katika mji mwingine, pamoja na picha za vyeti vya parseli na vya kuzaliwa. Mchungaji anaweza kuutunza, lakini yeye wala kanisa lake wasiandikwe humo kama wapokeaji; anayetunza siri ya jamaa asiwe na faida ndani yake.

Amani itakapofungua tena tribinali, mjane mwenye karatasi atakuwa na kitu cha kuweka mezani. Asiye nayo atakuwa na machozi tu, na wanaomjibu watakuwa na funguo.