Dodoma na ndoto ya maji ya bahari: tupige hesabu kwanza



Mgao wa maji ukikaza hapa Dodoma, hakosi mtu wa kuuliza: mbona Oman na Dubai wanakunywa maji ya bahari, sisi tunashindwa nini? Swali zuri. Tupige hesabu.

Mitambo ya kisasa ya kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari inakula kama uniti 3 hadi 4 za umeme kwa kila lita 1,000, yaani madumu 50. Muscat na Dubai ziko ufukweni. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 400. Kuyapandisha tu maji hayo hadi huku, hata pampu isipopoteza kitu, ni uniti 3 nyingine. Na pampu zinapoteza! Hapo bei ya bomba lenyewe hatujaigusa.

Wengine wanasema basi tusafishe maji ya chumvi ya huku huku. Ni kweli yapo. Bwawa la Hombolo, lililojengwa 1957, lina chumvi. Singida kuna visima vyenye floraidi nyingi. Kwa shule au zahanati yenye kisima cha namna hiyo, mtambo mdogo ni msaada mkubwa. Lakini mtambo hauumbi maji jamani. Sehemu inatoka safi, sehemu inabaki chumvi kali. Mwenye bahari anairudisha baharini. Sisi tutaimwaga wapi? Ukiimwaga shambani umeua shamba, ukiiacha izame inarudi kisimani.

Kiini cha tatizo ni kingine. Jiji linategemea visima vya Makutupora. Vipimo vya tangu miaka ya 1950 vinaonyesha kwamba maji yale ya chini hayaongezeki kila mwaka. Yanaongezeka hasa kwenye misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997/98. Huku juu watu wanazidi: sensa ya 2012 ilihesabu 410,956 jijini, ya 2022 ikahesabu 765,179, baada ya serikali kuamua 2016 kuhamia kweli.

Kwa hiyo maswali ya kuwabana wakubwa ni haya: nani analinda bonde la Makutupora lisijengwe? Mafuriko yanayopita kila masika tunayahifadhi wapi? Bwawa la Farkwa kule Chemba, lililoimbwa miaka nenda rudi, litatoa maji lini? Hata Ziwa Victoria, lililo karibu usawa mmoja na Dodoma, lina mantiki kuliko bahari.

Mwenye hoja tofauti ailete, ila aje na hesabu.